Nitajuaje maonyesho yanayofaa kuuzia vikapu vyangu?

Msusi wa Nyalenda, Kisumu:

Hamjambo wenzangu wa kazi za mikono. Mimi husuka vikapu, mikeka midogo ya mezani na kofia za taa kwa magugumaji yaliyokaushwa, pamoja na mafunjo ninayoyanunua kwa wakataji wa Dunga. Kwa muda mrefu wateja wangu wamekuwa wenye maduka, ambao huchukua mzigo kwa bei ya jumla na kuuza karibu maradufu, na baadhi yao hulipa tu baada ya kuuza, jambo linaloniacha nikidai huku na kule ilhali wasichana ninaosuka nao wanasubiri ujira wao. Ndiyo maana nimeamua mwaka huu kuipeleka kazi yangu mwenyewe mbele ya wanunuzi.

Tatizo langu si uhaba wa maonyesho bali wingi wake. Kuna shoo ya kilimo ya Mamboleo hapa Kisumu, ya Kakamega na ile ya Nakuru. Kuna bazaa za Krismasi za makanisa na shule. Kuna siku za utamaduni za kaunti. Na kila juma napokea kwenye WhatsApp bango la mwandalizi fulani anayekodisha nafasi katika maegesho ya jengo la maduka. Ada nazo zinatofautiana mno, kwani mahali pengine ni shilingi mia tano kwa siku na pengine ni elfu kumi na tano kwa wikendi, na kila mwandalizi anaapa kwamba watu watafurika. Fedha nilizo nazo zinatosha maonyesho mawili, labda matatu yakiwa ya karibu. Vikapu vyangu huuzwa kati ya shilingi 1,200 na 2,500, na kofia za taa hufika 4,500. Naomba wenye uzoefu mnieleze: mtu huamua kwa kigezo gani kabla hajalipa?

Ngozi na Uzi, Nakuru:

Dada, nakushauri usianze na idadi ya watu wanaoingia, bali uanze na vitu wanavyotoka navyo mikononi. Maonyesho nisiyoyajua huwa nayahudhuria kwanza kama mtazamaji: nalipa kiingilio, nazunguka, kisha ikifika saa kumi jioni nasimama karibu na lango la kutokea na kutazama watu wamebeba nini. Katika shoo yetu ya Nakuru, ambayo kwa kawaida huwa mwezi wa Julai, utawaona wamebeba miche ya parachichi, vipeperushi vya kampuni za mbegu, puto za watoto, sufuria na blanketi za bei ya ofa. Vikapu utaviona pia, lakini ni vichache, na aghalabu wanaovibeba ni watu wa makamo waliokuja na magari yao. Hapo utajifunza mengi ambayo bango la WhatsApp halikuambii.

Wala si ajabu kuwa hivyo. Chama cha Kilimo cha Kenya kilianzishwa mwaka wa 1901, enzi za walowezi, na shoo zake zimejengwa juu ya ng'ombe, mbegu na mashine za shambani, kwa hiyo sisi wa kazi za mikono hukaa pembeni. Siku za katikati ya juma uwanja hujaa wanafunzi waliokuja kwa mabasi ya shule, na mwanafunzi mwenye shilingi mia mfukoni hawezi kununua kikapu cha elfu mbili hata akikipenda namna gani. Mimi huko hupeleka vishikio vya funguo, bangili za ngozi na mikanda. Mikoba mikubwa huiacha nyumbani. Ukiamua kwenda Mamboleo, suka vitu vidogo vya shilingi 100 hadi 300, na ukiona usukaji wa vitu hivyo haukulipi, basi hiyo shoo waachie wengine.

Jambo la pili ni hesabu, nayo ifanywe kabla ya kulipa. Tuseme kikapu cha shilingi 1,500 kinakugharimu 900 ukijumlisha magugumaji, mafunjo, rangi, ujira wa wasichana na ujira wako mwenyewe, ambao wengi wetu hatuuweki katika hesabu. Kinachobaki ni 600. Kama nafasi ni shilingi 7,000, nauli na mzigo kutoka Kisumu hadi Nakuru kwenda na kurudi ni 4,000, na chakula na malazi ni 4,000 nyingine, jumla ni 15,000, maana yake vikapu 25 vya kwanza vitauzwa kwa ajili ya kurudisha fedha yako tu. Maonyesho ya siku mbili yanayofunguliwa kwa muda wa saa kumi kila siku yanakutaka uuze kikapu kimoja karibu kila dakika 50, bila kukoma, ndipo uanze kuhesabu faida. Pengine inawezekana, pengine haiwezekani, lakini afadhali ujiulize ukiwa Nyalenda kuliko kuulizwa na mwenye nyumba ya kulala wageni.

Ngoja nikupe mifano miwili ya umati. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka wa 2021 na makao yake yakawa Naivasha, kila mwaka watu wa kazi za mikono wanashawishika kwenda huko kwa sababu vijana wa Nairobi hushuka kwa maelfu wakiwa na pesa. Ni kweli wana pesa, lakini wamekwisha kuzipangia nyama, vinywaji na malazi, na kinachouzika ni kofia, miwani na fulana. Hakuna anayetaka kubeba kofia ya taa katika vumbi la Soysambu au Kedong. Sasa linganisha na Mei 2022, Kisumu ilipopokea Africities, mkutano wa miji ya Afrika. Mjumbe wa mkutano ana posho, ana ofisi inayotarajia zawadi, na ana saa chache za kutembea kabla ya ndege yake. Huyo hakatai bei ya 2,500, ila ana swali moja tu: kitaingia kwenye sanduku? Kwa hiyo mikeka yako ya mezani na vikapu vinavyokunjika vinamfaa, na kofia ya taa haimfai mpaka ubuni fremu inayofunguka. Mikutano ya namna hiyo, hata midogo ya hotelini, mimi huiweka mbele ya shoo yoyote, ingawa nafasi za kuuza huko hazitangazwi na lazima ujuane na wanaoipanga.

Tena, tazama majirani utakaopangwa nao. Ukiwekwa kati ya muuza vito vya plastiki vya shilingi 50 na muuza vyombo vilivyoagizwa kutoka China, bei yako itaonekana kama wizi hata kabla hujafungua kinywa, kwa kuwa mteja hulinganisha na kile alichokiona hatua mbili nyuma. Muulize mwandalizi waziwazi kama anachuja bidhaa, yaani kama anakataa vitu visivyotengenezwa kwa mikono, na umwombe majina ya biashara zilizoshiriki mara iliyopita ili uzungumze nazo mwenyewe. Wengi hawalipendi swali hili. Anayelipenda mara nyingi ndiye anayestahili ada yako.

Mfinyanzi wa barabara ya Khayega, Kakamega:

Nakubaliana na mwenzangu wa Nakuru kuhusu hesabu, lakini naona anapima maonyesho kwa mauzo ya siku ile peke yake, na kwa mtu wa vyungu kipimo hicho kingenifukuza kila mahali. Chungu kikubwa cha maua hakibebwi begani kutoka uwanjani. Sisi wa upande huu wa Ilesi huweka vyungu kando ya barabara mwaka mzima, na anayetaka kimoja anasimamisha gari. Tunapokwenda kwenye maonyesho tunamtafuta mtu wa aina nyingine kabisa: mwenye hoteli anayetaka vyungu arobaini vinavyofanana, mkandarasi wa bustani, mwenye mkahawa anayetaka mitungi ya maji. Huyo mara nyingi hanunui kitu siku hiyo. Anapiga picha, anauliza unaweza kutengeneza vingapi kwa mwezi, na anaondoka na namba yako ya simu. Kwa hiyo, dada, jiulize kwanza unatafuta nini. Ukitafuta fedha taslimu za kulipa wasichana wako mwisho wa mwezi, mfuate Ngozi na Uzi. Ukitafuta wateja wa kukuondolea wale wenye maduka wanaokukopa, hata shoo yenye wanafunzi wengi inaweza kukufaa, mradi watu wa hoteli na wa taasisi wanapita hapo, na mradi uwe na karatasi yenye bei za jumla zilizopangwa kwa idadi.

Nafasi yenyewe si lazima uilipe. Katika shoo hizi serikali za kaunti na idara nyingi huwa na mabanda yao, na ndani yake hutafuta vikundi vya kina mama, vijana na watu wenye ulemavu vya kuonyesha kazi. Kikundi chenye cheti cha usajili, mwenyekiti na akaunti ya benki kinasikilizwa; mtu mmoja mmoja hasikilizwi. Nenda kwa afisa wa biashara au wa utamaduni wa kaunti miezi michache kabla, si wiki ya maonyesho, kwa maana orodha huwa imefungwa mapema. Njia hiyo hiyo ndiyo inayowapeleka watu kwenye maonyesho ya Jua Kali na Nguvu Kazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaliyoanza Arusha mwaka wa 1999 na ambayo huhamahama kutoka nchi mwanachama moja hadi nyingine. Yakiwa upande wa Uganda, mtu wa Kisumu yuko karibu kuliko mtu wa Mombasa. Mzigo mdogo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa zake zimetengenezwa ndani ya Jumuiya na zimo katika orodha iliyokubaliwa, huvuka Busia kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachojazwa pale pale mpakani, bila kulipia ushuru wa forodha.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likisemwa. Mtu wa nyumbani anaijua bei ya nyumbani. Desemba watu wetu hurudi kutoka Nairobi na ughaibuni, na sherehe zinafuatana: tamasha la utamaduni la Wamaragoli pale Mbale tarehe 26, tamasha la Rusinga kule Homa Bay, na nyinginezo za vijiji. Zinapendeza, na watu wana furaha ya kununua kitu cha kwao. Lakini chungu ambacho shangazi yake anapikia mboga hawezi kukilipia elfu mbili. Atacheka, atakisifu, kisha atakupa mia tano. Chungu hicho hicho nikikipeleka Nakuru au Nairobi kinaitwa pambo. Ninyi wa Kisumu mko katika hali mbaya zaidi, kwa sababu kwenu magugumaji ni takataka inayoziba ziwa na kuwazuia wavuvi kutoka, na mtu aliyeyaona yakioza ufukweni hadhani kwamba yana thamani. Mpelekee kikapu hicho mtu asiyeishi kando ya ziwa, umweleze kilivyotoka majini, naye atakitazama kwa macho mengine. Mimi ningekuwa wewe, ningetumia fedha zangu zote mbali na Kisumu, na hapa nyumbani ningebaki na wageni wa mikutano tu.

Na mvua usiisahau. Kakamega inanyesha alasiri miezi mingi ya mwaka, na Kisumu upepo wa ziwa huja na dhoruba ya ghafla jioni. Chungu kikilowa kinakauka. Kikapu cha magugumaji kikilowa na kufungwa kwenye gunia usiku mmoja, kesho kina madoa ya ukungu, na hakuna mteja atakayeyanunua madoa hayo. Maonyesho ya uwanja wazi kati ya Machi na Mei ningeyakataa hata kwa nafasi ya bure, isipokuwa kama mwandalizi anatoa hema lenye sakafu iliyoinuliwa.

Mweka Hazina, Eldoret:

Nitaongeza machache. Uliza kabla ya kulipa kama ada ya nafasi imeshughulikia kibali na ushuru wa kaunti, au askari wa kaunti watakuja asubuhi kudai vyao. Uliza ni nani anayelinda mabanda usiku, na omba jibu hilo kwa maandishi. Januari usiende popote, kwa sababu karo za shule zimekwisha kumeza kila kitu. Wikendi inayofuata siku ya mishahara ni bora kuliko ile inayoitangulia. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hiyo gharama ya mifuko ya karatasi au ya kitambaa iingie kwenye hesabu, hasa kwa bidhaa ya elfu mbili ambayo mteja anataka kuibeba kwa heshima. Mwenzako anayeuza sabuni au mafuta ya kujipaka asikubali kwenda bila alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ila wewe wa vikapu huna shida hiyo.

Msusi wa Nyalenda, Kisumu:

Nawashukuru nyote. Hoja ya Mfinyanzi kwamba niende mbali na ziwa imenigusa, maana ni kweli jirani zangu huniuliza kwa nini nakusanya takataka. Nimepata mwaliko wa bazaa ya wikendi moja mjini Nakuru, mwezi wa Novemba, ndani ya ukumbi, na mwandalizi ananipa hiari: nilipe shilingi 8,000 mapema, ama nisilipe kitu na yeye achukue asilimia 20 ya mauzo. Kuna pia mama mmoja wa vitambaa vya batiki anayetaka tushirikiane nafasi. Mngechagua lipi?

Ngozi na Uzi, Nakuru:

Novemba ndani ya ukumbi ni chaguo zuri, kwa sababu mvua za vuli hazitakusumbua na watu wameanza kufikiria zawadi za Krismasi lakini bado hawajamaliza fedha kwa nauli za kwenda nyumbani.

Kuhusu ada, asilimia 20 inafikia shilingi 8,000 pale unapouza bidhaa za shilingi 40,000. Chini ya hapo asilimia ni nafuu kwako. Juu ya hapo ada ndiyo nafuu. Kwa kikapu cha wastani wa 1,800 hiyo ni kama vikapu 22. Kwa kuwa hujawahi kuuza Nakuru, mimi ningechukua asilimia, tena kwa sababu nyingine: mwandalizi anayekula kutokana na mauzo ana haja ya kuleta wanunuzi, ilhali aliyekwisha kupokea 8,000 za kila mtu anaweza kulala usingizi. Hata hivyo, kabla hujakubali, uliza fedha za wateja zinaingia wapi. Ikiwa wateja wote watalipa kwa namba ya M-Pesa ya mwandalizi, naye akulipe baada ya wiki mbili, utakuwa umetoka kwa wenye maduka wanaokukopa na kuingia kwa mwenye maduka mpya. Kubali asilimia kama tu wateja wanalipa kwa namba yako mwenyewe na mnafunga hesabu pamoja kila jioni kwa kitabu cha risiti. Akikataa, lipa hizo 8,000, maana la sivyo fedha za mauzo yako zitakuwa deni unalolifuatilia kwa simu zisizopokelewa.

Kushirikiana nafasi kunategemea bidhaa. Batiki na magugumaji vinapendezana, na kitambaa chake kinaweza kuwa bitana ya ndani ya kikapu chako, jambo ambalo lingekuongezea mia tatu au mia nne kwa kikapu. Tatizo la kushirikiana si ushindani, ni meza. Mtu wa vitambaa huhitaji kuvitandaza na wateja huvivuruga kila wakati, na ifikapo saa sita mchana vikapu vyako vitakuwa chini ya meza. Kwa hiyo mgawane kwa urefu: yeye achukue kamba na ukuta wa nyuma, wewe uchukue meza na sakafu ya mbele, na kofia moja ya taa iwe juu ikiwaka balbu. Hakikisha mwandalizi ana soketi ya umeme karibu nanyi, kwa sababu kofia ya taa isiyowaka inaonekana kama kikapu kilichopinduliwa. Omba nafasi iliyo upande wa kulia mtu anapoingia, mbali na spika za muziki. Nyinyi wawili mtakuwa mnaeleza bei na namna vitu vilivyotengenezwa siku nzima, na sauti zenu zitakwisha kabla ya Jumapili.

Nami nina swali kwako kabla hujafunga mizigo. Hizo kofia za taa unazifungaje zisibonyee chini ya viti vya matatu? Mikoba yangu ya fremu ngumu hufika Kisumu imepinda kila ninapoituma.

Msusi wa Nyalenda, Kisumu:

Huwa napachika moja ndani ya nyingine kuanzia kubwa hadi ndogo, na kati yake naweka magugumaji makavu ambayo hayajasukwa, kisha nafunga kila rundo kwenye kikapu kikubwa kinachouzwa nacho. Mikoba yako jaribu kuijaza magugumaji hayo hayo makavu kabla ya kuifunga. Nitakutumia gunia moja kwa basi la Ijumaa. Mwandalizi nimempigia leo asubuhi, na amekubali wateja walipe kwa namba yangu.